Anayesomea Picha Anasomea Nini?

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yatokapo, afisi za matawi yetu ya Chama hupata wageni wa aina moja. Ni wazazi. Wengine huja kutafuta ushauri, wengine huja kutafuta barua, na wengine huja kwa kuwa wameshindwa kuelewana na watoto wao nyumbani na wanataka mtu mzima wa tatu akae kati. Safari hii alitufikia mzazi mmoja, mchukuzi wa bandarini, mtu wa maneno machache, akiwa na karatasi mkononi ambayo mwanawe alikuwa ameijaza. Katika nafasi ya fani anayoitaka, kijana alikuwa ameandika kwamba anataka kusomea medianuwai shirikishi na usanifu. Mzazi aliiweka karatasi ile mezani, akasema: "Ndugu zangu, mimi nimebeba magunia miaka ishirini na mbili ili huyu asome. Sasa anataka kusomea picha. Mwambieni asome uhasibu."

Hatukumwambia kijana hivyo. Wala hatukumkatalia mzazi pale pale, kwa kuwa haki ya mzazi ni kubwa, na swali lake lilikuwa la haki. Tuliomba muda. Yaliyomo katika makala haya ndiyo jawabu letu kwake, na tunalitoa hadharani kwa kuwa tunaamini si yeye peke yake mwenye swali hilo. Wako na wakubwa wa Serikali ambao, kwa maneno mengine na katika vikao vya heshima zaidi, huuliza lile lile.

Tuanze na jina, maana jina lenyewe linatisha. Medianuwai ni kuzichanganya njia nyingi za kupasha habari ndani ya chombo kimoja: maandishi, picha iliyotulia, picha inayokwenda, sauti ya binadamu, muziki, ramani. Shirikishi maana yake ni kwamba chombo hicho hakimsemeshi mtu tu kama redio inavyomsemesha. Mtu naye hujibu. Hugusa, huchagua, huuliza, na chombo hubadilika kwa mujibu wa jawabu lake. Usanifu ni kuyapanga yote hayo kwa makusudi, ili mtu akipate alichokijia bila ya kupotea njia.

Mambo haya si mageni kwetu kama jina lake lilivyo geni. Mwanamke wa visiwani anapojifunga kanga, amevaa pindo, mji na jina: rangi, picha na maandishi, kila kimoja kimewekwa pahala pake na kwa kazi yake, na jirani aliyekusudiwa, akishalisoma jina, naye huenda dukani kutafuta la kumjibu. Na sisi tuliopitia chuoni kabla ya skuli twaukumbuka ubao. Mtoto aliandika, akasoma kwa sauti, mwalimu akamsahihisha papo hapo, akafuta, akaandika tena. Kosa halikulala. Mazungumzo ya namna hiyo, baina ya mkono, jicho, sikio na sahihisho, ndiyo ambayo wataalamu wa kompyuta walikuja kuyatafuta baadaye kwa gharama kubwa.

Walikotoka tutapita haraka. Tarehe 9 Disemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonesha wataalamu wenzake kompyuta inayoongozwa kwa kile kifaa cha mkono tunachokiita leo kipanya, ikionesha maandishi yaliyounganishwa na maandishi mengine, na watu wawili walio mbalimbali wakifanya kazi katika ukurasa mmoja huku wakionana. Mwaka 1978 watafiti wa MIT waliipiga picha mitaa ya mji mdogo wa Aspen, jimbo la Colorado, wakaziweka picha zile katika diski, hata mtu aliyekaa mbele ya kioo akaweza kutembea mjini mle akikata kulia au kushoto kama apendavyo. Leo mtoto wa Darajani hufanya hivyo kwa simu na haoni ajabu.

Sasa tuchukue chuo kinachoifundisha fani hii kwa jina hili hasa. Katika mji wa Ottawa, makao makuu ya Kanada, Chuo Kikuu cha Carleton na Chuo cha Algonquin huifundisha kwa pamoja kwa muda wa miaka 4. Mwanafunzi husoma kote kuwili, chuo kikuu kikimpa nadharia na chuo cha ufundi kikimpa mazoezi ya mikono, na amalizapo hutoka na shahada ya huku na diploma ya kule. Anayetaka kuingia hutakiwa, pamoja na alama zake za skuli, apeleke kazi alizozitengeneza mwenyewe. Hilo peke yake ni jawabu la nusu ya wasiwasi wa mzazi wetu, kwa sababu kijana ambaye hajawahi kuchora wala kutengeneza chochote, ila anapenda tu kukaa mbele ya kioo, hujulikana mlangoni.

Nusu ya pili ya wasiwasi huisha mtu anapoitazama ratiba. Kuchora kumo, hatukatai. Zimo rangi na maumbo ya herufi. Lakini imo na hisabati, kwani picha inayogeuka kwenye kioo haigeuki kwa uchawi, inageuka kwa hesabu, na asiyeijua hesabu hiyo atabaki kuwa mtumiaji wa vyombo vya wenziwe. Kumo kuandika programu za kompyuta, jambo ambalo lina ukali wake, maana nukta moja ikikosa pahala pake kazi nzima husimama. Zimo sauti na filamu. Imo elimu ya nafsi ya binadamu: jicho huona nini kwanza, akili hubeba mambo mangapi kwa mara moja, mtu mwenye haraka au mwenye hofu husoma vipi. Na katika mwaka wa mwisho wanafunzi huwekwa makundi makundi, wakatengeneza kitu kizima kwa ajili ya mtu au taasisi yenye haja nacho, wakajifunza na subira ya kukaa na mteja ambaye jana alitaka hivi na leo anataka vile. Uhasibu ni kazi ya heshima na hatuna ugomvi na wahasibu. Ila tusimdanganye mzazi kwamba huku kuna jasho na kule kuna mchezo.

Lakini hata hayo hayajafika kwenye kiini. Kiini chake tulikiona sisi wenyewe, tena si chuoni.

Miezi kadhaa iliyopita tulimsindikiza mzee mmoja wa kijiji cha wavuvi kwenda kuhuisha leseni ya chombo chake katika afisi moja ya umma ambayo hatutaitaja. Afisi ilikuwa imeachana na makaratasi, na kwa hilo tuliisifu tangu mlangoni. Mwombaji huelekezwa kwenye mashine yenye kioo cha kugusa. Mzee alisimama mbele yake. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na herufi zilikuwa ndogo kama punje za ulezi. Mashine ilitaka anwani ya barua pepe, ambayo hakuwa nayo, na haikukubali kusonga mbele bila ya hiyo; karani mmoja kwa hisani yake akamwazima ya kwake. Pahala pa kuendelea na pahala pa kufuta palikuwa bega kwa bega, rangi moja, ukubwa mmoja. Mzee, ambaye vidole vyake vimefanywa vinene na kamba za nyavu, aligusa pa kufuta. Yote yaliyokwisha jazwa yakatoweka. Akaanza upya. Mara ya pili alichelewa kusoma, na mashine, ikidhani ameondoka, ikajirudia mwanzo. Mara ya tatu aligusa tena pa kufuta.

"Wazee hawa hawajui kompyuta," alisema karani mwengine, bila ya ubaya wowote moyoni, kama mtu anayesema kwamba mvua inanyesha.

Mzee huyu ameuvuka mkondo wa Pemba usiku tangu ujana wake kwa kutazama nyota na kusikiliza maji. Anajua kwa rangi ya bahari penye mwamba na pasipo mwamba. Tulipotoka nje alituambia kwa sauti ya chini: "Wanangu, leo nimekuwa mjinga." Keshoye alimtuma mjukuu wake, na leseni ikapatikana, na hapana shaka katika hesabu za afisi ile imeandikwa kwamba mwananchi amehudumiwa.

Tunasema kwamba mzee hakuwa mjinga. Mjinga ni aliyeichora sura ya mashine ile. Na hili si neno la huruma tu, ni msingi wa elimu tunayoizungumza. Mwaka 1988 Donald Norman, mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, alitoa kitabu kilichokuwa maarufu sana kuhusu usanifu wa vitu vya kila siku. Alianza na vitu vya chini kabisa, kama milango. Mtu akiusukuma mlango unaotakiwa kuvutwa, tena wakifanya hivyo na wengi, basi kosa si la watu, kosa ni la mlango, kwa kuwa umewekewa mkono wa kuvutia pahala pa kusukuma au kinyume chake. Mlango unaohitaji kuandikiwa maelezo umeshashindwa kazi ya umlango. Kabla yake, mwaka 1954, Paul Fitts alikwisha onesha kwa vipimo kwamba muda wa mkono kulifikia jambo hutegemea umbali wake na upana wake: kitu kidogo kilicho mbali huchelewa kufikiwa na hukoswa mara nyingi. Kidole kinene cha mvuvi na kitufe chembamba kilichobanana na mwenziwe, basi, ni hesabu inayojulikana kwa miaka mingi. Aliyechora mashine ile hakuisoma.

Wala madhara hayaishii kwenye leseni. Mwezi wa Machi 1979 ilipotokea ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island huko Pennsylvania, taa moja iliwaonesha wafanyakazi kwamba amri ya kufunga vali imetolewa. Wao wakafahamu kwamba vali imefungwa. Haikuwa imefungwa, na maji ya kupozea kinu yakawa yanatoka saa nzima na zaidi bila ya wao kujua. Na wenzetu wa visiwa vya Hawaii, asubuhi ya tarehe 13 Januari 2018, walipokea katika simu zao tangazo kwamba kombora linakuja, wajifiche, na kwamba si mazoezi. Hakukuwa na kombora lolote. Mfanyakazi wa zamu alikuwa amepeleka tangazo la kweli wakati wa zoezi. Uchunguzi uliandika kwamba yeye alidhani hatari ni ya kweli. Lakini haukuishia kumlaumu yeye. Uligundua kwamba chombo hakikuwa na kinga ya kutosha ya kumzuia mtu mmoja asipeleke tangazo kama lile, na kwamba hapakuwa na tangazo la masahihisho lililotayarishwa mapema. Dakika 38 zilipita kabla watu hawajaambiwa kwa njia ile ile kwamba ni kosa. Kwa dakika hizo 38 wako waliokuwa wakiagana kwa simu na jamaa zao.

Kisiwa hakina pa kukimbilia. Hilo hatuna haja ya kumwelezea msomaji wetu yeyote.

Anayesomea fani hii, basi, hufundishwa kwanza kabisa kutafuta kosa katika kitu kabla ya kulitafuta katika mtu. Hufundishwa kwamba kabla ya kutengeneza aende akakae na wale watakaokitumia, awatazame wanavyofanya kazi, asiwaulize tu wanataka nini. Na akishachora, awarejee, awape, anyamaze, atazame pahala wanapokwama. Mwaka 2000 Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenmark, aliandika kwamba watu 5 tu wakijaribu kitu hivyo, huonekana sehemu kubwa ya kasoro zake. Watu 5! Kwa mashine ya leseni za vyombo wangetosha wavuvi 5 wa Kojani, kwa alasiri moja na birika la kahawa. Afisi nyingi zingeweza kujiepusha na aibu kubwa kwa gharama ya kahawa hiyo.

Wako watakaosema kwamba mambo ya kuwasikiliza wananchi ni kazi ya Chama na ya masheha, na si ya wachora picha. Kwao tunakileta kisa cha kisiwa kingine, tukiwaomba wakisome kwa makini, hasa wale wenye mamlaka.

Mwaka 1967 kisiwa cha Fogo, katika pwani ya Newfoundland, mashariki ya Kanada, kilikuwa na watu wapatao 5,000 wanaokaa katika vijiji vya wavuvi vilivyotawanyika. Samaki wa karibu na pwani walikuwa wamepungua, wakaazi wengi waliishi kwa msaada wa Serikali, na Serikali ya jimbo ilikuwa na mpango wa kuwahamisha watu wa vijiji vya mbali na kuwapeleka penye hospitali, barabara na viwanda. Mpango haukuwa wa uadui. Maafisa waliamini kwa dhati kwamba wanawatakia watu heri. Lakini watu wa Fogo hawakutaka kuhama, na hawakuwa na njia ya kulisema hilo likasikika. Isitoshe, hawakuwa wakisemeshana wao kwa wao, kwani kijiji na kijiji walitenganishwa na madhehebu na ugomvi wa zamani.

Ndipo alipokwenda huko Colin Low, mtengenezaji filamu wa Bodi ya Filamu ya Taifa ya Kanada, akishirikiana na Donald Snowden wa idara ya elimu ya wananchi ya Chuo Kikuu cha Memorial, na Fred Earle, afisa maendeleo aliyewajua wakaazi wale kwa majina. Hawakutengeneza filamu moja kubwa ya kuwasikitikia maskini. Walitengeneza filamu fupi zaidi ya 20, kila moja ikiwa ni ya mtu mmoja au jambo moja, na kabla ya kuzipeleka kokote waliwaonesha wenyewe waliopigwa, nao walikuwa na haki ya kusema hapa pafutwe. Kisha filamu zikazungushwa kijiji kwa kijiji. Mvuvi wa upande huu akamsikia mvuvi wa upande ule akilalamikia jambo lile lile linalomkera yeye. Watu ambao wasingekaa katika mkutano mmoja walikaa gizani wakasikilizana. Baada ya hapo filamu zilipelekwa mji mkuu, St. John's, zikaoneshwa kwa mawaziri. Na waziri wa uvuvi naye akapigwa filamu akiwajibu, na jawabu lake likarudishwa kisiwani likaoneshwa.

Ni hilo la mwisho tunalolipigia mstari. Filamu ya kawaida huenda upande mmoja. Hii ilikwenda na ikarudi. Wavuvi wa Fogo waliunda chama chao cha ushirika, wakaanza kujijengea vyombo vikubwa zaidi vya kufika mbali baharini, na kisiwa hakikuhamwa. Hatusemi kwamba filamu ndizo zilizokiokoa kisiwa. Walikiokoa wenyewe kwa mikono yao. Lakini mazungumzo yalipatiwa chombo, na chombo kile kilipangwa na watu waliofikiri sana nani aseme, nani asikilize, na kwa mpango gani. Miaka michache baadaye, mwaka 1976, katika mji wa Reading, Pennsylvania, wazee waliounganishwa kwa televisheni ya waya inayopeleka na kurejesha walikuwa wakizungumza na meya wao wakiwa wamekaa katika vituo vyao. Mmoja wa walioisimamia kazi ile, bibi Red Burns, ndiye aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa masomo ya mawasiliano shirikishi katika Chuo Kikuu cha New York mwaka 1979. Wazee, kwa hivyo, walikuwamo katika elimu hii tangu asili yake. Sisi ndio tunaowatoa.

Turudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika hazikuwa nayo, na wenzetu wa Bara wakangoja hadi miaka ya 1990 kupata televisheni ya aina yoyote. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu kinachosomeshwa leo nchi baada ya nchi. Kwa historia kama hiyo, ni jambo la kusikitisha kwamba mwananchi wa Unguja au Pemba asimame mbele ya mashine ya afisi yake ya umma, katika kisiwa chake, na mashine imsemeshe kwa lugha asiyoijua. Kisingizio kinachotolewa ni kwamba chombo kimenunuliwa nje kikiwa tayari. Naam, kimenunuliwa. Basi yupo wapi wa kwetu aliyepewa kazi ya kukifanya kituelewe?

Vijana wanaoweza kupewa kazi hiyo wanapatikana. Chuo Kikuu cha Dodoma kina shahada ya teknolojia ya medianuwai na uhuishaji, yaani utaalamu wa kuzitia picha uhai. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, kimeyaweka masomo ya kompyuta na ya habari chini ya skuli moja, na kwa maoni yetu hiyo ni hatua ya busara, maana nusu ya fani hii iko huku na nusu iko kule. Wanaokwenda nje wapo pia. Lakini arudipo kijana na shahada yake, aghalabu hupewa kazi ya kutengeneza mabango ya sherehe na kuwapiga picha viongozi wakikata utepe. Na sisi wa Chama tumo katika lawama hii. Mabango ya mikutano yetu wameyatengeneza wao.

Hatutaficha upande wa pili. Elimu ya kujua jicho huvutwa na nini, na mkono hurudia kugusa kwa sababu gani, hutumika pia kwa shari. Michezo ya kamari iliyojaa katika simu za vijana wetu haikuwa na mvuto kwa bahati; imesanifiwa na waliosoma, rangi kwa rangi na mlio kwa mlio, ili mtu aliyepoteza aguse tena. Pia vipo vyuo vinavyotoza ada ya kompyuta na kufundisha kwa ubao na chaki. Mzazi ana haki ya kuuliza: mashine ziko ngapi, wanafunzi ni wangapi kwa kila moja, na waliomaliza mwaka jana wametengeneza nini? Programu za leo zitapitwa na wakati kabla mwanafunzi hajamaliza kulipa mkopo wake, kwa hiyo chuo kinachomfundisha programu peke yake kimemfundisha kitu cha kuoza. Kuchora, hesabu, na kumtazama mtu anayekwama bila ya kumcheka, hivyo havipitwi.

Kwa wakubwa wetu tunapendekeza mambo mawili tu, kwani mapendekezo yakiwa mengi huishia kabatini. Mikataba ya kununua au kutengeneza mashine na programu zitakazotumiwa na wananchi iwe na sharti kwamba malipo ya mwisho hayatolewi mpaka wananchi 5 wa kawaida, kwa uchache mmoja wao akiwa mzee na mmoja wao mkulima wa mwani au wa karafuu, wameitumia bila ya kusaidiwa, kwa Kiswahili, mbele ya afisa aliyeruhusiwa kutazama na kukatazwa kusema. Na wanaogawa mikopo ya masomo wanapopanga fani za kupewa kipaumbele, wasiiweke hii katika fungu la sanaa za kujifurahisha.

Mzazi tulimrudia baada ya wiki mbili. Tulikuwa tumemwambia kijana wake aende kwa yule mzee wa leseni, asikilize kisa chake, kisha afanye anachoona kinafaa. Walikuja tawini wote watatu. Kijana alikuja na daftari la skuli. Katika kila ukurasa alikuwa amechora sura moja ya mashine, kwa penseli na kwa Kiswahili, herufi kubwa. Pahala pa kuendelea amepaweka kulia, na pahala pa kufuta amepapeleka mbali juu, na pana swali la kuhakikisha. Mzee aligusa karatasi kwa kidole kana kwamba ndiyo kioo, na kijana akawa anafunua ukurasa unaofuata kwa mujibu wa pale palipoguswa. Hivi ndivyo hata vyuo vikuu hufanya mwanzo, kwa kuwa karatasi ni rahisi kuichana kuliko programu iliyokwisha lipiwa. Mzee alifika ukurasa wa nne, akasita. "Nikikosea hapa," aliuliza, "narudi wapi?"

Kijana alifunua mbele, akafunua nyuma. Pahala pa kurudi hakuwa amepachora. Baba yake, aliyekuwa amekaa pembeni na kofia mapajani, alimtazama mzee, akamtazama mwanawe, akauliza kama huu nao ni mtihani. Tukamwambia kwamba ndio mtihani wenyewe.

Fomu ilipelekwa kama ilivyojazwa. Ukurasa wa kurudi nyuma ulikuja baada ya siku tatu, na mzee alisema kwamba sasa anaona njia, ila herufi bado ni ndogo.